Sikio Ndilo Mnunuzi

Mtu asiyeona aingiapo katika duka la kompyuta, iwe ni Kariakoo au barabara ya Luthuli mjini Nairobi, aghalabu hupokewa kwa ukarimu mkubwa na kwa sifa zisizomhusu: huambiwa kwamba kioo cha mashine hii ni kipana, kwamba rangi zake ni kali, kwamba sinema huonekana humo utadhani waigizaji wamesimama mbele yako, na mara nyingi maneno hayo haelekezwi yeye mwenye fedha mfukoni, anaelekezwa kijana aliyemshika mkono, ambaye ndiye anayeulizwa, "Mzee anataka ya bei gani?" Mzee akijibu, "Niulize mimi, mwanangu," muuzaji hutahayari, huomba radhi, kisha baada ya dakika moja hurejea kule kule kwenye sifa za kioo. Ubaya wa moyo haumo katika jambo hili. Ni mazoea tu ya biashara ambayo tangu mwanzo wake imeuza kompyuta kwa jicho, ilhali kwa mnunuzi huyu jicho si kadhi, na kile kioo kinachosifiwa angeweza kukizima asubuhi, pasi na hasara yoyote, akafanya kazi yake mpaka jioni.

Rai yangu, ambayo nitaifafanua kwa kadiri nafasi inavyoruhusu, ni kwamba mashine huja mwisho. Kwanza huja kazi inayokusudiwa, kisha sauti itakayoisoma kazi hiyo, kisha watu walio karibu wanaoijua sauti hiyo na wawezao kumfundisha mwenzao. Na baada ya hayo kutulia ndipo inapofaa kuuliza habari za bei na ukubwa, tena muulizaji awe yule yule atakayeitumia, asiwe mfadhili, wala mjomba aliye Muscat au London ambaye hununua kwa mapenzi makubwa na kutuma kabla ya kuuliza lolote.

Wengi wa wanaoona hudhani kwamba programu ya kusoma skrini, au kisoma skrini kama inavyoitwa kwa ufupi, ni namna ya jicho lililofichwa ndani ya kompyuta, likitazama kioo na kutamka liyaonayo. Sivyo. Kisoma skrini kwa kawaida hakitazami, huuliza. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu huweka nyuma ya sura yake maelezo ya kila kilichomo, kwamba hiki ni kitufe na jina lake ni Hifadhi, hiki ni kisanduku cha kujazwa namba ya simu, hiki ni kichwa cha habari cha daraja la pili. Na kisoma skrini huyaomba maelezo hayo, kikayatoa kwa sauti au kwa nukta nundu. Ndiyo maana fomu ya malipo iliyoundwa na fundi asiyejali husomeka "kitufe, kitufe, kitufe" bila ya jina hata moja, na mtu akabaki kukisia kipi kinatuma fedha na kipi kinaghairi. Na ndiyo maana barua ya ofisi iliyogongwa mhuri, ikapigwa picha na kutumwa kwa barua pepe, hukaa kimya, maadamu ndani yake hamna herufi, mna sura ya herufi tu. Vipo visoma skrini vinavyoweza kuiomba kompyuta iyatambue maandishi yaliyo pichani, na hufanya hivyo kwa ustadi wa kutosha, minghairi ya pale mhuri ulipolalia tarehe. Lakini karani angetuma waraka wenyewe kama alivyouchapa, taabu hiyo yote isingekuwapo.

Katika soko la visoma skrini vya Windows yapo majina mawili ambayo kila mhusika huyajua. La kwanza ni JAWS. Mwanzilishi wake, Ted Henter, alikuwa Mmarekani mshindani wa mbio za pikipiki ambaye ajali ya gari ilimpofua mwaka 1978. Akajifunza kuandika programu za kompyuta, akaanzisha kampuni pamoja na Bill Joyce mwaka 1987, na toleo la kwanza la JAWS likatoka mwaka 1989, wakati kompyuta nyingi zilikuwa bado hazijui madirisha wala picha, zikionyesha mistari ya maandishi tu. JAWS ni programu kubwa, yenye nguvu, inayopendwa na maofisi, na yenye bei. Kwa miaka mingi leseni yake ya kudumu ilikaribia dola 1,000 za Marekani, yaani zaidi ya thamani ya kompyuta yenyewe mara kadhaa kwa yule anunuaye mtumba. Siku hizi upo pia mpango wa kulipa kwa mwaka, ambao ni nafuu zaidi. Asiyelipa huweza kuitumia kwa dakika 40, kisha hana budi kuizima kompyuta na kuiwasha upya, na wapo wanafunzi waliopitisha mihula mizima kwa vipande hivyo vya dakika 40, wakihifadhi kazi zao kila wakati kama wakimbiao mvua.

Jina la pili lilizaliwa kutokana na dhiki hiyo hiyo. Mwaka 2006 kijana wa Australia aitwaye Michael Curran, asiyeona, aliona si haki kwamba mtu alipe mara mbili ili apate kile ambacho jirani yake anayeona hukipata kwa malipo ya mara moja, akaanza kuandika kisoma skrini cha bure. Rafiki yake James Teh, asiyeona vilevile, ambaye walijuana tangu utotoni katika kambi ya muziki ya watoto wasioona, aliungana naye, na mwaka uliofuata wakaunda shirika la NV Access. Kisoma skrini hicho ni NVDA. Hakina bei, na msimbo wake uko wazi kwa kila atakaye kuukagua au kuuongezea. Fauka ya hayo, huweza kuwekwa ndani ya flashi, mtu akatembea nayo mfukoni, akaichomeka katika kompyuta ya maktaba, ya rafiki, au ya duka, nayo ikaanza kusema bila ya kuacha chochote nyuma. Taasisi ya WebAIM ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiwauliza watumiaji habari zao, ilikuta katika uchunguzi wake wa 2023 na 2024 kwamba JAWS na NVDA zinakaribiana mno kwa jumla. Walakini kwa watu wa Afrika na Mashariki ya Kati, NVDA ilikuwa imeipita mwenziwe kwa mbali.

Kwa mtu anayeanza katika nchi zetu, mimi sioni haja ya kusitasita: na aanze na NVDA. Kama baadaye ataajiriwa katika ofisi yenye programu za kipekee ambazo JAWS imezizoea zaidi, basi ofisi hiyo ndiyo ilipe, kwa kuwa kifaa cha kazi ni wajibu wa mwajiri. Ile desturi ya kupeana nakala za JAWS zilizovunjwa kufuli naielewa chimbuko lake, lakini tangu kuwapo kwa mbadala wa bure hoja yake imekufa. Nakala hizo hazipati masahihisho, na aliyezivunja kufuli hajulikani alitia nini kingine ndani.

Vipo visoma skrini vingine, navyo nitavipitia upesi. Windows yenyewe ina msimulizi wake, Narrator, aliyekuwamo tangu Windows 2000, ambaye kwa muda mrefu hakuwa na la maana ila kumsaidia mtu asakinishe kisoma skrini cha kweli, na ambaye siku hizi ameimarika hata akaweza kutegemewa kwa barua na kwa intaneti ya kawaida. Kompyuta za Apple zimekuwa na VoiceOver ndani yake tangu mwaka 2005, bila ya malipo ya ziada, na kwa uundaji ni kazi nzuri sana. Ila mashine zenyewe ni ghali, na amri zake ni tofauti na za Windows kiasi kwamba mwanafunzi wa Tabora atakayepewa moja huenda akamaliza mwaka asipate mtu wa kumwelekeza. Kwa watumiaji wa Linux ipo Orca, nayo ni ya bure. Hapo ndipo ninapolitilia mkazo lile neno la watu walio karibu: elimu ya visoma skrini huku kwetu haipatikani sana vitabuni, hupita kwa mdomo, mwenzio akikaa kando yako na kukwambia, "Bonyeza H uruke kwenye kichwa cha habari kinachofuata, ukitaka anyamaze, gusa Control." Kisoma skrini bora kuliko vyote, kama hakuna jirani akijuaye, hupitwa na kile cha wastani ambacho rafiki watatu wanakitumia.

Sasa tuje kwenye sauti, ambayo kwa msemaji wa Kiswahili ni masala yenye uzito wake. Kisoma skrini na sauti ni vitu viwili mbalimbali. Cha kwanza huamua nini kisemwe, cha pili hukitamka. NVDA huja na sauti iitwayo eSpeak, iliyotokana na kazi ya Mwingereza Jonathan Duddington, ambayo ni ndogo sana, hujibu papo hapo, na inazijua lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwamo. Si sauti tamu. Ni kavu, ya chuma, na anayeisikia mara ya kwanza hukunja uso. Hata hivyo wakongwe wengi huishikilia, kwa sababu wao hawasikilizi kwa mwendo wa mazungumzo. Wameyazoeza masikio yao kidogo kidogo hata yakafikia kasi ambayo mgeni aliyesimama kando hudhani mashine imeharibika, na kwa kasi hiyo zile sauti laini zinazofanana na za binadamu hurukaruka na kumeza silabi, ilhali ya chuma hubaki kusikika herufi kwa herufi.

Mtihani wenyewe huja pale sauti ya Kiingereza inapokabidhiwa maandishi ya Kiswahili. Chukua barua fupi ya rambirambi: "Pole sana ndugu yangu kwa msiba wa mama wa rafiki yako na wanawe." Sauti ya Kiingereza ikifika kwenye "pole" huitamka "poul", ambayo kwa Waingereza ni mlingoti, na barua ya huzuni ikageuka kichekesho. "Wake" huwa "weik", "mate" huwa "meit", na "ng'ombe" hukatwa vipande viwili kwa sababu ya kile kialama cha juu. Msikilizaji aliyezoea hutafsiri upya kichwani mwake, lakini ni kazi mara mbili, na mtoto wa shule anayejifunza tahajia kwa kusikia huharibiwa kabisa. NVDA inaweza kubadili sauti yenyewe, ya Kiingereza kwa Kiingereza na ya Kiswahili kwa Kiswahili, kwa sharti kwamba waraka au ukurasa umetangaza ni wa lugha gani. Na tangazo hilo ni neno dogo la herufi mbili ndani ya msimbo wa ukurasa, ambalo zipo tovuti za Kiswahili zimelisahau, na nyingine zimejitangaza kuwa za Kiingereza. Wahariri wenzangu wanaosoma haya wanaweza kuwauliza mafundi wao kesho asubuhi.

Zipo sauti za Kiswahili zenye lafudhi nzuri zaidi. Microsoft wametengeneza nne, Zuri na Rafiki kwa Kiswahili cha Kenya, Rehema na Daudi kwa cha Tanzania, na zinasikika katika kivinjari cha Edge kwa mtu anayetaka kusomewa ukurasa mrefu akiwa amepumzika. Rehema akisoma makala hutulia kwenye nukta, hupandisha sauti kwenye swali, na mtu huweza kusikiliza saa nzima bila ya kuchoka. Ila sauti hizi huletwa na intaneti, na zimetengenezwa kwa ajili ya usomaji. Kazi ya kuandika, ambayo kila kitufe kibonyezwacho hutaka jawabu lake hapo hapo, hazikukusudiwa hiyo. Kwa hiyo mtu huishi na sauti mbili, ya chuma kazini na ya binadamu barazani.

Baada ya sauti ndipo mashine. Na katika mashine jambo la kwanza ni kibodi, kwa kuwa asiyeona hatumii kipanya. Mnunuzi na apitishe vidole vyake: je, vile vituta vidogo juu ya F na J vinasikika, au vimelika kwa utumizi wa mwenye mashine wa kwanza? Mishale minne ina nafasi yake, au ule wa juu na ule wa chini umebanwa ukawa nusu kucha? Insert, Home na End vinasimama peke yake, au vimefichwa nyuma ya kitufe kingine ili mkono mmoja ushike viwili na mwingine utafute cha tatu? JAWS na NVDA huamrishwa zaidi kwa Insert, na katika mpango wake wa kompyuta ya mezani hutumia sana vile vitufe vya namba vya upande wa kulia. Kompyuta mpakato ndogo zisizo navyo zina mpango wa pili, ambao Caps Lock hushika nafasi ya Insert, nao unafaa, lakini ni vizuri mtu aamue mapema ni upi atakaojifunza, kwani vidole havisahau upesi. ThinkPad kuukuu hupendwa kwa sababu hii hii. Nyingi kati yake zina vitufe vizito, vilivyotengana, na kila kimoja mahali pake.

Kuhusu nguvu, kisoma skrini si mlaji mkubwa, ila hakina subira. Kompyuta nzito kwa mwenye macho humwonyesha duara likizunguka, naye akajua angoje. Kwa asiyeona uzito huo ni ukimya, na ukimya haumwambii kama mashine inafikiri, imekwama, au imezimika. Kwa sababu hiyo ningetoa fedha zangu kwanza katika diski ya SSD na katika kumbukumbu ya gigabaiti 8, nikaacha mbwembwe nyingine zote. Tena mnunuzi wa mtumba ana hadhari moja zaidi siku hizi: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kompyuta za Intel hutaka, kwa kawaida, jenereshi ya 8 au zaidi. Muuzaji akisema "i5" hajasema kitu. Aulizwe ni i5 ya jenereshi ya ngapi.

Sauti itokayo mashineni ijaribiwe hapo hapo dukani, na jaribio lake ni rahisi. Shika Control na kitufe cha Windows, kisha gonga Enter: msimulizi wa Windows ataamka na kusema. Au toa flashi yako yenye NVDA, na kama muuzaji ameruhusu, ichomeke. Sikiliza kama silabi ya kwanza inakatika baada ya kimya kifupi, kwani baadhi ya mashine huilaza kadi ya sauti ili kuokoa betri, na kila inapoamka humeza mwanzo wa neno. Chomeka hedifoni zenye waya, utikise waya kidogo uone kama tundu limelegea. Zile zisizo na waya zina uzuri wake, lakini huchelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo kwa mtu anayeandika ni kero ya kudumu. Ukiwa umewasha NVDA, bonyeza kitufe chake pamoja na Shift na B, nayo itakutajia asilimia ya betri. Zungumza na muuzaji kwa dakika 15, kisha bonyeza tena. Betri iliyochoka hujisema yenyewe, na hapo bei hushuka.

Kioo nacho kina kazi moja, ambayo muuzaji hatakutajia: kuzimwa. NVDA, JAWS na VoiceOver zote zina pazia la skrini, ambalo hukitia kioo giza huku kazi ikiendelea, na mtu akasoma hati ya mshahara wake au barua ya daktari ndani ya daladala asijue jirani. Kwa watu waliosomewa barua zao na wengine tangu utotoni, sitara hiyo si jambo dogo.

Wenye uoni hafifu wana hesabu tofauti, kwa kuwa wao kioo kinawahusu: kiwe kipana, kisichorudisha mwanga wa dirisha, na Windows ikuze maandishi kwa kitufe chake na alama ya kujumlisha. Nasaha yangu kwao ni kwamba, ikiwa daktari amewaambia uoni unapungua, wasingoje mpaka jicho likatae ndipo wajifunze kusikia. Anayejifunza kisoma skrini ilhali angali anaona kidogo hujifunza kwa nusu ya taabu.

Ama vibao vya nukta nundu vya kielektroniki, ambavyo vijipini vyake huinuka na kushuka chini ya vidole kufuata maandishi ya skrini, hivyo ni bora kabisa kwa hesabu, kwa tahajia na kwa mtu asiyesikia vizuri, lakini vya herufi 40 hufika maelfu ya dola. Orbit Reader, chenye herufi 20, kiliundwa kwa makusudi ya kushusha bei hiyo, na bado si cha mfuko wa mkulima. Hapo taasisi ndizo zinazopaswa kununua, kama zilivyonunua mashine za Perkins za kuandikia nukta nundu kwa shule za wasioona za Buigiri na Thika. Na mnunuzi wa vifaa hivi kutoka nje, awe mtu au shule, aulize forodhani kabla ya kulipa: sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inavitaja vifaa vya watu wasioona miongoni mwa vilivyosamehewa ushuru, ila msamaha huo huombwa, haumfuati mtu nyumbani.

Limesalia la fundi. Kompyuta itaharibika siku moja, nayo itapelekwa kwa kijana mwenye bisibisi, ambaye dawa yake ya maradhi mengi ni kuifuta Windows na kuiweka upya. Naye akikuta programu asiyoijua, inayopiga kelele kila akigusa kitufe, ataiondoa akidhani ndiyo ugonjwa wenyewe. Kabla ya kumkabidhi, tengeneza nakala ya NVDA yako katika flashi pamoja na mipangilio yako yote, sauti, kasi na matamshi uliyoyasahihisha. Menyu ya NVDA ina amri ya kufanya hivyo, chini ya zana. Nakala yenyewe ikae mfukoni mwako, isiende kwa fundi pamoja na mashine.